Kunufaishana ni Neno Zuri Mno

Muhula uliopita tuliagizwa kila mmoja atafsiri kurasa chache za kitabu cha sayansi anachokipenda. Nilichagua I Contain Multitudes cha Ed Yong, kilichotoka mwaka 2016, kitabu kuhusu vijidudu wanaoishi ndani ya miili ya wanyama, sisi tukiwemo. Nilidhani istilahi ndizo zitakazonisumbua. Kumbe zilitafsirika. Kilichonikwamisha ni neno la kawaida kabisa: kunufaishana.

Ndilo lililonijia haraka kila nilipofika kwa wadudu na bakteria wao. Huyu anapata hiki, yule anapata kile, wote wanafaidi. Lakini Mjerumani Anton de Bary, aliyelipa neno simbiosisi maana yake ya kisayansi mwaka 1879, alisema tu ni kuishi pamoja kwa viumbe wasiofanana. Hakudai wapatane. Kwake, hata kupe na ng'ombe wangeingia humo. Wema tumeuongeza sisi baadaye.

Chukua mbung'o. Maisha yake yote anakula damu tu, na damu haina vitamini B za kumtosha. Kwenye utumbo wake kuna seli maalumu zilizojaa bakteria aitwaye Wigglesworthia, ambaye humtengenezea vitamini hizo. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea buu mmoja mmoja tumboni na kumlisha maziwa, na bakteria humfikia mtoto kupitia maziwa hayo. Ukimwondolea mbung'o jike bakteria hao, anakuwa tasa. Mdudu anayetuletea malale, na nagana kwa ng'ombe wetu, hazai bila mgeni wake.

Mpaka hapo, kunufaishana linafaa. Shida inaanza ukiuliza mgeni amekuwaje. Jenomu ya Wigglesworthia, iliyosomwa mwaka 2002, ina herufi takriban 700,000. Ya Buchnera, bakteria wa vidukari, iliyosomwa mwaka 2000, ina takriban 640,000. Ndugu yao E. koli, anayeishi utumboni mwetu lakini anaweza kuishi nje pia, ana zaidi ya milioni 4. Sababu inaeleweka. Ndani ya seli ya mdudu mambo mengi huletwa tayari, kwa hiyo jeni isiyohitajika ikiharibika, hakuna kinachoizuia isipotee. Kila kizazi, ni bakteria wachache tu wanaotoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hivyo hata kasoro zenye madhara hupenya kwa bahati. Na kwa kuwa wamefungiwa humo, hawakutani na bakteria wengine wa kuwaazima jeni. Kilichopotea hakirudi. Baada ya mamilioni ya miaka, mlango hauhitaji kufuli.

Wakati mwingine hali inakuwa ya ajabu zaidi. Katika nyenje fulani wa Chile, watafiti walieleza mwaka 2014 kwamba bakteria aitwaye Hodgkinia amegawanyika kuwa wawili. Kila mmoja amepoteza jeni ambazo mwenzake bado anazo, hivyo nyenje sasa analazimika kuwatunza wote wawili ili apate kazi iliyokuwa ikifanywa na mmoja. Nani kanufaika hapo?

Simlaumu Yong kwamba hajui haya. Anaonya waziwazi kwamba kuishi pamoja si lazima kuwe kupatana, na kwamba bakteria yuleyule huwa rafiki mahali pamoja na adui pengine. Lakini mtindo wake unavuta upande mwingine. Sura moja ameiita waltzi ndefu. Inayofuata ina jina linalochezea msamiati wa silaha za nyuklia: badala ya maangamizi ya pande zote, mafanikio ya pande zote. Ni mzaha mzuri, nami nilitabasamu. Ila wacheza dansi huachiana mikono muziki ukiisha. Buchnera hana pa kwenda.

Labda nisingejali sana kama nisingelelewa na Dada. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na minne, mimi nikiwa bado nanyonya. Nyumbani walisema tunasaidiana: yeye anapata pa kulala na chakula, sisi tunapata mlezi. Kweli, nililelewa vizuri. Nilipokuwa kidato cha nne ndipo nilipogundua kwamba hawezi kusoma ujumbe niliomtumia. Miaka yote alikuwa akikagua madaftari yangu kwa kuhesabu alama za vema. Alipotaka kuondoka akaanze maisha yake, alikuwa na miaka thelathini na mbili na begi moja. Mama alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Sasa aende wapi," aliuliza, "na hapa ndipo kwao?"

Rasimu yangu ya kwanza ya makala haya iliishia hapo, nikafurahi kwamba nimepata mfano. Kesho yake nilipoisoma niliona aibu. Nilikuwa nimetenda kosa lilelile ninalomlaumu Yong kwalo, tena baya zaidi: nimemfananisha mtu na bakteria, na uamuzi wa watu wazima na jambo la maumbile. Hakuna aliyekaa akamwamulia Buchnera. Uteuzi asilia hauna kikao. Dada aliamuliwa na watu walioketi sebuleni wakinywa chai, na shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tena, jeni za Buchnera hazirudi. Mwaka jana Dada alinitumia ujumbe wa kwanza alioandika mwenyewe. Ulikuwa na makosa matatu na salamu nane.

Ndiyo maana naliogopa neno kunufaishana katika vitabu vya sayansi. Halituongopei sana kuhusu wadudu. Vitamini zipo, na mbung'o anazihitaji. Linatuzoesha kusikia kwamba wote wamepata kitu, kisha kunyamaza kabla hatujauliza nani anaweza kuondoka. Tabia hiyo tunarudi nayo nyumbani.

Katika tafsiri yangu niliandika kuishi pamoja, kila mahali. Mwalimu aliporudisha kazi, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na manufaa yako wapi?" Niliona ni swali la haki. Nilimjibu kwamba yako kwenye sentensi zinazofuata, pamoja na hasara, ili msomaji ayahesabu mwenyewe. Hakuniongezea maksi. Neno sijalibadilisha.