Mwandishi Mmoja, Safu Mbili za Miaka

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepewa ruhusa ya kumchunguza mwandishi mmoja kwa utafiti wake binafsi, bila mihadhara, akikutana na msimamizi mara mojamoja, mara nyingi hukimbilia kiunzi alichokizoea tangu sekondari: fani na maudhui. Sura moja inabeba wahusika, mandhari na mtindo. Nyingine dhamira, migogoro na ujumbe. Mwishoni inakuja falsafa ya mwandishi. Kwa riwaya moja kiunzi hicho kinatosha. Kwa mwandishi aliyeandika karibu miaka arobaini kinaharibu kazi, maana kinafuta wakati. Anaonekana kama aliwaza jambo lilelile tangu kitabu cha kwanza hadi cha mwisho.

Tumchukue Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Kabla ya kuandika hata aya moja ya uchambuzi, mtafiti aorodheshe kazi zake zote kwa safu mbili: mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa. Tamthilia ya Kaptula la Marx ilitoka kitabuni mwaka 1999. Mwenye safu moja ataiweka baada ya riwaya ya Mzingile (1991), kisha atajenga hoja kwamba Kezilahabi alizama kwenye mafumbo halafu akarudi kwenye siasa ya Ujamaa. Hoja hiyo haina miguu. Tamthilia iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na jirani yake halisi ni Gamba la Nyoka (1979), riwaya ya vijiji vya Ujamaa. Zikiwekwa bega kwa bega zinaleta swali zito zaidi: kwa nini riwaya iliwafikia wasomaji mapema, na kejeli ya jukwaani ikasubiri miaka ishirini hivi? Jibu litamtoa mtafiti ndani ya vitabu na kumpeleka kwenye historia ya uchapishaji na siasa ya Tanzania, na huko ndiko utafiti unakonoga.

Orodha hiyo isiishie kwenye riwaya na mashairi. Kezilahabi alikuwa mhakiki pia. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya diwani yake ya Kichomi kuchochea ubishi mkali kuhusu vina na mizani, alikamilisha tasnifu ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu Shaaban Robert. Yaani mtu aliyeonekana kuupa kisogo ushairi wa mapokeo alikuwa amekaa kitako akimsoma bingwa wake. Tasnifu yake ya uzamivu aliiwasilisha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Tazama inapoangukia: kati ya Gamba la Nyoka na Nagona (1990). Wengi wanaliita badiliko kati ya riwaya hizo mbili mruko wa ghafla kutoka uhalisia. Safu inaonyesha muongo mzima wa kufikiri, na ndani yake mna Karibu Ndani (1988), diwani ambayo wachambuzi wa riwaya huiruka bila sababu ya maana.

Sasa, badala ya sura za fani na maudhui, ufuatwe uzi mmoja kutoka kazi hadi kazi. Mimi ningemfuata msimulizi. Rosa Mistika (1971) inasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Kichwamaji (1974) inamkabidhi usimulizi Kazimoto, msomi mwenye jina, ukoo na kijiji. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka zinarudi kwenye nafsi ya tatu, zikiitazama jamii kutoka nje. Kisha Nagona inarudisha "mimi", ila safari hii ni mimi asiyejulikana kwa jina, anayesafiri katika mahali pasipo na ramani na kukutana na kina Plato na Nietzsche. Kulinganisha "mimi" hao wawili, neno kwa neno, kunatosha sura nzima. Pia kunamzuia mtafiti asianguke kwenye shimo la kumchukulia Kazimoto kuwa ndiye Kezilahabi, eti kwa kuwa wote wana mizizi Ukerewe.

Nagona na Mzingile nazipa sura yao ya mwisho, zisomwe pamoja na tasnifu ya 1985 ikiwa wazi mezani. Tasnifu hiyo iko kwa Kiingereza, hivyo mtafiti atalazimika kufasiri dhana zake mwenyewe na kutetea kila tafsiri mbele ya msimamizi.