Picha Inayoanza na Salamu

Mashauri ya kupiga picha za watu siku hizi yanafanana kila mahali. Subiri mwanga wa jioni. Fifisha mandhari ya nyuma ili uso ujitokeze. Mchekeshe mtu mpaka aisahau kamera, kisha bonyeza. Ukifanya hivyo, tunaahidiwa, utainasa nafsi yake. Ahadi hii inaaminika kirahisi kwa sababu simu janja zetu zimeshajifunza kufifisha nyuma zenyewe, na mwanga wa jioni ni wa bure.

Naitilia shaka ahadi hiyo, na ushahidi wangu unatoka nyumbani Kyela, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Watu wa huko wamekuwa wakipigwa picha kwa zaidi ya miaka 120. Wamepigwa na daktari wa jeshi, wamisionari, wanaanthropolojia, watalii, maofisa wa vitambulisho, na vijana waliozunguka vijijini kwa baiskeli. Ukizipanga picha hizo mezani, utaona kwamba ufundi unaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti zake.

Tuanze na zile za kisayansi. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, alichapisha mjini Berlin mwaka 1902 kitabu kuhusu maumbile ya miili ya watu wa nchi za kaskazini mwa Nyasa. Mwaka 1906 akatoa kingine kikubwa kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma. Upigaji picha wa aina hii una kanuni zake: uso kwa mbele, uso kwa upande, mtu ametulia ili apimike. Ni kanuni zinazofanana na zile ambazo Alphonse Bertillon wa polisi wa Paris alizisanifisha katika miaka ya 1880 kwa ajili ya kuwatambua wahalifu.

Picha kama hizo hazikosi umakini, na pengine hakuna mpiga picha wa harusi anayeuchunguza uso kwa makini kiasi hicho. Kinachokosekana ni swali ambalo aliyepigwa angeweza kulijibu. Aliulizwa ana umbo gani, na jibu la swali hilo alikuwa nalo mpimaji. Wahakiki wa leo hupenda kusema kwamba macho ya watu hao yanapinga, kwamba kuna ukaidi kwenye kidevu. Huenda upo. Lakini mimi naogopa kumwekea maneno mdomoni mtu ambaye tayari aliwekewa vipimo. Tukiwa waaminifu, picha ya namna hii inatuonyesha zaidi tabia ya aliyeshika kamera.

Miaka thelathini na kitu baadaye walifika wageni wa aina nyingine. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akachapisha Good Company mwaka 1951, kitabu kuhusu vijiji vya rika. Wavulana waliofikia umri wa kama miaka kumi walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao na wenzao wa umri mmoja, na wakaendelea kuishi pamoja hadi utu uzima. Msingi wa maisha hayo, kwa maelezo ya kitabu, ni ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja, kuongea, kujifunza adabu na busara kwa kuzoeana. Na ukwangala huo ni wa watu walio sawa. Mtu hakai hivyo na baba yake wala na mkwe wake.

Neno hilo linanifaa kuliko istilahi zote nilizosomeshwa darasani kuhusu picha za watu. Linaeleza jambo ambalo mashauri ya mwanga hayaligusi, kwamba tabia ya mtu huonekana akiwa na wa kukaa naye, na kwamba usawa ndio unaomlegeza. Hata Wilson hawakufika hapo peke yao. Kitabu cha mwaka 2013 kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, kinamrudishia nafasi Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyefanya kazi na wanandoa hao. Tunapousifu ukaribu wa kazi yao, tukumbuke kwamba palikuwa na mtu aliyewatangulia kwa salamu. Vilevile tukumbuke kwamba vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Wanawake waliingia humo kwa ndoa. Je, ukwangala wao tuutafute kwenye picha zipi?

Nina picha moja ya kujibu. Ni ya miaka ya tisini, imepigwa karibu na Ipinda. Bibi yangu mzaa mama amesimama na rafiki yake mbele ya migomba, wote wamevaa vitenge, wameshikana mikono. Hakuna anayecheka. Bibi alipofariki, picha hiyo ndiyo iliyotajwa kwanza, kwa sababu familia ilihitaji uso wa kuweka juu ya jeneza. Mjomba akapendekeza huyu wa pembeni akatwe. Mama mkubwa akamjibu, "Mtu mwenyewe yupo hai, amekaa pale kwenye mkeka. Utamkataje?" Kumweka mzima juu ya jeneza haiwezekani, na kumkata mzima haiwezekani pia. Kijana akatumwa Kyela mjini na kitambulisho cha taifa, picha ikakuzwa, ikarudi na uso wa mwanamke aliyeambiwa asitikisike.

Wengi tunaijua picha hiyo. Tangu Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ianzishwe mwaka 2008, na hata kabla, kwa kadi za mpiga kura, mamilioni ya Watanzania wamekaa mbele ya kamera ya serikali kwa sekunde chache. Kazi yake ni halali: inatambulisha. Ila kwa wazee wengi wa vijijini ndiyo picha pekee yenye uso wao peke yao, hivyo inapewa kazi ya pili ambayo haikutengenezwa kuifanya, ile ya kuaga. Kanuni za Bertillon zinafika mpaka kaburini, zimezungushiwa maua ya plastiki.

Baada ya matanga nilimpelekea yule rafiki picha ya migomba. Nilimwamkia kwa "mugonile, bibi", naye akaishika muda mrefu. Hakusema neno juu ya uso wa marehemu. Alisema siku ile walikuwa wametoka kuuza mpunga, na hereni alizovaa bibi zilikuwa zake yeye, alimwazima kwa ajili ya picha. Kisha akauliza kama aliwahi kurudishiwa, akajijibu mwenyewe kwamba hapana, akacheka.

Hereni za kuazima zinabadilisha namna ya kuisoma picha ile. Mhakiki anayetafuta uhalisi angesema bibi alijipamba kwa visivyo vyake, hivyo picha inadanganya. Mimi naona hereni zile ndizo habari yenyewe: zinasema alikuwa na mtu wa kumwazima. Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, aliielewa siri hii. Aliweka studioni nguo, redio na pikipiki kwa ajili ya wateja, na kwa sababu ya gharama, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na hakuna anayelalamika kwamba redio haikuwa ya mwenye picha. Watu walikuja kuonyesha wanavyotaka kuonekana. Hamu hiyo nayo ni sehemu ya tabia ya mtu.

Mpiga picha wa baiskeli hakuwa na studio kama ya Keïta, wala kama Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliianzisha Zanzibar mwaka 1930. Alikuwa na filamu ya picha 36, na kila picha ilikuwa na bei. Alipiga, akaondoka kwenda kusafishisha, na ilimbidi arudi. Katika kurudi huko ndipo ninapoona sanaa yake. Aliyempiga angeikagua picha mbele yake, majirani wangeitolea maoni, na ikiwa mbaya malipo yaliyobaki hayatoki. Alifanya kazi chini ya hukumu ya watu aliowapiga, jambo ambalo Fülleborn hakulijua, na watalii wengi wa leo hawalijui.

Nenda Matema uone. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu vinavyojulikana mwambao mzima, na picha inayopendwa kuwahusu ni ya mikono: vidole, udongo, mwanga wa ziwa. Ni nzuri. Imepigwa mara nyingi mno kiasi kwamba mikono ile imekuwa haina mwenyewe. Mfinyanzi ana mshindani wake sokoni, ana mteja msumbufu, ana maoni juu ya udongo wa mwaka huu, na hayo yote hukaa usoni. Ila uso unadai salamu, na salamu inadai muda. Kwa wakulima wa kakao wa Kyela picha inayopendwa ni tabasamu: mkulima ameshika tunda lililopasuliwa, meno nje. Wazee wetu hawakusimama hivyo. Walikaza uso kwa sababu picha ilikuwa jambo la heshima, kama kusimama kanisani siku ya kipaimara ya mtoto. Anayemwamuru mzee "cheka kidogo" anaweza kudhani anamfungua, kumbe anamvua.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, anaeleza picha ya mama yake akiwa mtoto ambayo kwake ilikuwa na kila kitu, lakini akakataa kuichapisha: kwetu ingekuwa picha ya mtoto yeyote. Kwa hiyo pengine uhusiano hauko kwenye karatasi kabisa, uko kwa anayetazama, na ninayoyasema juu ya picha ya migomba ni mapenzi ya mjukuu tu. Nakubali nusu. Usingeziona hereni kama nisingekuambia. Lakini mikono iliyoshikana ingeonekana na mtu yeyote, na iko pale kwa sababu kijana mwenye kamera hakuwaambia waachane.

Hivyo vipimo vyangu vya picha ya mtu vimekuwa vya kawaida sana. Nauliza kama mwenye uso alipata nakala. Nauliza nani alisimama pembeni, na kama alikatwa. Nauliza mpiga picha angeweza kurudi pale kesho akakaribishwa. Picha inayofaulu hapo inaweza kuwa na ukungu, inaweza kuwa imepinda, na bado mtu akawemo.

Kwa wenzangu wenye simu nzuri, likizo ya Desemba ina kazi. Wapigeni wazee picha za peke yao mchana kweupe, wakiwa na nguo wanazozichagua, na hereni za jirani kama wanazitaka. Wapigeni pia na rafiki zao. Chapisheni zote mbili kwenye karatasi, mziache nyumbani kwao, ili siku ya jeneza familia isilazimike kuchagua kati ya kitambulisho na mkasi.