Mtoto Aliyeokolewa Bure

Sijapata kuona filamu iliyowaudhi watazamaji wake upesi kama Alien 3. Kabla hata majina ya waigizaji hayajamalizika kupita, watu wawili waliookolewa kwa taabu kubwa katika filamu iliyotangulia wamekwisha kufa. Newt, yule mtoto wa kike, amezama majini ndani ya sanduku lake la kulalia. Koplo Hicks amechomwa na boriti ya chuma. Ripley amebaki peke yake, katika sayari yenye gereza na tanuru la kuyeyushia madini.

Nilipoitazama mara ya kwanza, kwa kanda ya video, rafiki yangu tuliyekuwa naye aliinuka kitini. "Ndugu yangu, mimi basi," akasema. "Huyu mtoto wamemwua bure." Akatoka. Mimi nikaimaliza peke yangu, nikaenda kulala na hasira.

Hasira ile ilikuwa na sababu. Filamu ya kwanza, ya Ridley Scott ya mwaka 1979, ilikuwa ya hofu tu: zimwi moja, chombo kimoja cha angani, na mwanamke mmoja aliyepona. Ya pili, aliyoiongoza James Cameron mwaka 1986, ilileta upendo. Ripley anaamka baada ya kulala miaka 57, na katika toleo refu la filamu hiyo anaambiwa kwamba binti yake amezeeka na kufa yeye akiwa usingizini. Kwa hiyo anaposhuka peke yake katika kiota cha mazimwi kumtafuta Newt, tunajua anatafuta nini. Akampata, akatoka naye, nasi tukatoka nao. Halafu mwaka 1992 tukaambiwa kwamba kazi yote ile ilikwenda na maji.

Wapo wanaoilaumu studio, nao hawakosei. Mswada uliandikwa na kuandikwa upya na watu wengi. Vincent Ward alileta wazo la watawa wanaoishi katika sayari ya mbao. Mbao zikaachwa, watawa wakageuzwa wafungwa wenye dini. David Fincher, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu, alianza kupiga picha Uingereza mwaka 1991 huku mswada ukiwa bado unarekebishwa. Baadaye aliikana kazi hiyo. Toleo refu lililotolewa mwaka 2003, lililozidi la kwanza kwa karibu nusu saa, lilitengenezwa bila ya mkono wake.

Makosa yake yanaonekana wazi. Wafungwa wote wamenyolewa vipara na wamevaa nguo za rangi moja, hata mtu akiuawa inakubidi ujiulize ni nani huyo. Daktari Clemens, ambaye ndiye pekee anayezungumza na Ripley kama binadamu, anauawa mara tu baada ya kutusimulia maisha yake, na filamu haipati mtu wa kushika nafasi yake. Zimwi lenyewe mara nyingine huonekana kama limebandikwa juu ya picha. Kuhusu zile mbio ndefu za mwishoni katika vichochoro, sina la kuzitetea.

Lakini niliirudia miaka mingi baadaye, baada ya kumzika mtoto wa dada yangu. Msiba ule si wa kuelezwa hapa. Nitasema tu kwamba wakati wa matanga watu waliokuja walisema, kama tusemavyo, kuwa kazi ya Mungu haina makosa, na mimi nikawa nawaza zile safari za hospitali usiku wa manane, dada akiwa amembeba mtoto. Je, zilikuwa bure?

Nikiwa na swali hilo kifuani niliona mambo ambayo hasira ilikuwa imenificha. Ripley anaomba maiti ya Newt ipasuliwe, akisingizia kipindupindu, kwa sababu anaogopa kwamba zimwi limo ndani ya mtoto. Kamera haituonyeshi kisu kwa muda mrefu. Inakaa usoni pa mama huyu ambaye lazima ashuhudie. Kisha maiti mbili zinaandaliwa kutupwa tanuruni, na mfungwa Dillon anasimama kuwaombea watu asiowajua. Mwigizaji wake, Charles S. Dutton, alipata kufungwa katika ujana wake na ndiko alikokutana na tamthilia. Labda ndiyo maana maneno yake yana uzito. Dillon anasema kwamba hakuna anayejua kwa nini wasio na hatia wanaadhibiwa. Haleti jibu. Wakati huohuo, mahali pengine gerezani, zimwi jipya linazaliwa.

Sijui filamu nyingine ya mazimwi inayosimama kuzika hivi. Katika nyingi, aliyekufa hutajwa kidogo kisha mbio zikaendelea. Hapa kifo cha mtoto kinabaki ndani ya Ripley mpaka mwisho. Anapogundua kuwa yeye mwenyewe amebeba zimwi, watu wa Kampuni wanamwahidi kulitoa, wanamwambia bado anaweza kuishi na kupata watoto. Anakataa, anajitupa tanuruni. Katika toleo la kwanza zimwi linampasua kifua akiwa anaanguka. Katika lile la 2003 halitoki, anaanguka tu. Mimi napenda la pili, maana uamuzi unabaki wake mwenyewe, haharakishwi na kitu.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Aliyeshuka kiotoni kwa ajili ya mtoto mmoja ndiye huyuhuyu anayejitupa kwa ajili ya watoto asiowajua. Kumwokoa Newt hakukumpa Newt maisha marefu, lakini hakukuwa bure.

Alien 3 haizifikii filamu mbili zilizoitangulia, na sitamshawishi mtu kwamba inazifikia. Rafiki yangu hajaimaliza hata leo. Nilipomweleza haya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwake yeye Newt yu hai, na kwamba filamu ya pili ndiyo ya mwisho. Sikubishana naye. Yeye naye anamtunza mtoto yule kwa njia yake.