Mapigo ya Sekunde 4.8

Darubini ya eksirei ingepandishwa hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, isingeambulia kitu. Hewa iliyo juu ya kilele bado ni nyingi mno, na humeza eksirei zote za nyota kabla hazijafika. Ilibidi kutoka nje ya hewa kabisa, na safari hiyo haikuanzia mbali na Kilimanjaro.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Jukwaa na Kibo viko karibu latitudo moja, nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Uhuru ilizunguka Dunia karibu na ikweta, kila mzunguko ukichukua dakika 96 hivi. Ikweta haikuchaguliwa kwa bahati. Njia hiyo hukwepa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu huvuruga vipimo.

Ala zake hazikuwa na kioo wala lenzi. Vilikuwa visanduku viwili vya gesi, vimepeana migongo, vikihesabu eksirei zilizoingia huku setilaiti ikijizungusha polepole.

Mwaka 1971 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake waliona chanzo cha eksirei kiitwacho Cen X-3 kikififia na kung'aa kila sekunde 4.8. Utamu wa kazi unaanzia hapo. Mapigo yalisogeleana kidogo, kisha yakaachana, kisha yakasogeleana tena, na mzunguko wote ukachukua siku 2.09. Katika kila mzunguko, kwa karibu nusu siku, chanzo kilizimika. Hesabu ilileta jibu moja: kitu hicho kinaizunguka nyota kubwa. Kikitujia mapigo hubanana, kikituacha hutanuka, kikipita nyuma ya mwenzake hufichika. Ni nyota ya nyutroni, masalia ya nyota iliyolipuka. Gesi ya jirani huiporomokea kwenye ncha zake za sumaku na kuwaka. Haikupigwa picha hata moja.

Vyanzo vingine vilikutwa ndani ya vishada vya duara, kama M15 na NGC 6624. Hivi si vishada vya nyota chache zilizotawanyika kama Kilimia; kimoja hubeba malaki ya nyota zilizosongamana, na vyanzo vya eksirei humo ni vingi kuliko sehemu nyingine, kwa kulinganisha na idadi ya nyota. Katika msongamano huo, nyota ya nyutroni hupata mwenzi kwa urahisi.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa athari ya Doppler hana haja ya king'ora cha gari la wagonjwa: ampe mwanafunzi jedwali la mapigo ya Cen X-3.