Kumpima Mzungumzaji Mkuu

Kila kongamano la teknolojia, liwe la San Francisco, la Lisbon au la Kigali, humtengea mtu mmoja saa yake yenye thamani kuliko zote. Ni asubuhi, vichwa bado vyepesi, vyumba vya warsha havijafunguliwa, na wote wamekusanyika ukumbi mmoja. Watu elfu moja wakisikiliza kwa saa moja, zimetumika saa elfu moja, karibu nusu mwaka wa kazi ya mtu mmoja. Kwa gharama hiyo, msikilizaji ana haki ya kumpima anayepanda jukwaani, tena bila huruma.

Tusimchanganye kwanza na mgeni rasmi. Mgeni rasmi huja kufungua. Huzingatia itifaki, hutambua waliohudhuria, hutamka msimamo wa serikali au taasisi, na akimaliza salama shughuli imepata uzito wake. Mzungumzaji mkuu ana deni jingine: wasikilizaji waondoke wakiona kitu ambacho hawakukiona walipoingia. Kwenye makongamano yetu saa hiyo huuzwa mara nyingi mno kwa mdhamini, naye humtuma mkurugenzi wa masoko na slaidi za bidhaa. Hilo ni tangazo, na ratiba ingepaswa kuliandika hivyo.

Kipimo changu cha kwanza, na ndicho kizito kuliko vyote, ni hiki: je, ameleta kitu ambacho tulioketi tunaweza kukihakiki papo hapo?

Anayetaka kujua kiwango cha juu kilipo aanze na mvumbuzi Douglas Engelbart. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya watu wapatao elfu moja mjini San Francisco, alikaa kwenye kiti, kipaza sauti kichwani, mkono wa kulia ukiwa juu ya kipanya, kifaa ambacho wengi mle ndani hawakuwahi kukiona. Kompyuta aliyoitumia haikuwa ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, kilomita zipatazo 50 kutoka hapo, na kila alichokigusa kilisafiri hadi huko na kurudi kwenye skrini kubwa nyuma yake. Kwa dakika 90 alihariri maandishi, akafuata viungo kutoka waraka mmoja hadi mwingine, akazungumza na wenzake wa maabara huku sura zao zikionekana kwenye skrini ileile aliyokuwa akiandikia.

Ukitazama picha za siku ile, angalia alivyoanza. Hakuanza na mustakabali wa binadamu. Aliandika orodha ya vitu vya kununua dukani, ndizi na supu zikiwamo, akaipanga kwa mafungu, kisha akaonyesha njia ya kupita kwenda kuvichukua. Kila aliyeketi pale aliijua kazi hiyo, kwa hiyo aliweza kuamua mwenyewe kama mashine inasaidia au haisaidii. Angalia pia kwamba wenzake walionekana. Jeff Rulifson na Bill Paxton walijitokeza kwenye skrini kueleza sehemu zao, na mitambo ya onyesho zima ilisimamiwa na Bill English. Mzungumzaji anayeonyesha kazi ya watu wengi kana kwamba ameifanya peke yake amekwisha kukudanganya katika jambo unaloweza kulichunguza. Jihadhari na yale usiyoweza.

Kuhakikiwa si lazima kuhitaji mitambo. Grace Hopper, aliyefikia cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral) katika jeshi la majini la Marekani, alikuwa akizunguka na vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga husafiri ndani ya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Aligawa vipande hivyo kwa wasikilizaji. Kisha alionyesha bunda la waya la karibu mita 300, ambalo ni mikrosekunde, akawataka waandaaji wa programu wajue wanatupa nini wanapopoteza mikrosekunde moja. Na wakubwa wa jeshi walipouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, jibu lake lilikuwa kwamba kati ya hapa na setilaiti kuna nanosekunde nyingi sana. Msikilizaji alirudi nyumbani na kipande chake mfukoni. Mimi huita hotuba kuu nzuri ile inayokuachia kipimo cha kutumia kesho yake kazini, na sijaona aliyefanya hivyo kwa uchache wa vifaa kama Hopper.

Kuna daraja la juu zaidi, nalo ni adimu: umbo la hotuba lenyewe liwe ushahidi wa hoja. Mwaka 1998, katika kongamano la OOPSLA, mtaalamu wa lugha za programu Guy Steele alitaka kueleza kwamba lugha ya programu iundwe ikiwa ndogo lakini yenye uwezo wa kukuzwa na watumiaji wake. Akajifunga kwa sharti moja: atatumia maneno ya Kiingereza yenye silabi moja tu, na neno lolote refu zaidi atalifafanua kwanza ndipo alitumie. Wasikilizaji walijionea lugha ndogo ikikua dakika kwa dakika, walihisi dhiki ya kukosa maneno, wakahisi nafuu kila neno jipya lilipoongezwa. Hakuwa na haja ya kuwashawishi baada ya hapo. Wanaoandaa hotuba za teknolojia waitazame hii kabla hawajafungua programu ya slaidi.

Sasa tuje kwenye kuharibika kwa mambo, kwa sababu hapo ndipo mtu huonekana alivyo. Aprili 1998, huko Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani na mwenzake wa Microsoft, Chris Capossela, wakionyesha Windows 98. Capossela alichomeka skana, skrini ikageuka buluu, ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Gates alikiri kwa utulivu kwamba bila shaka ndiyo sababu bidhaa ilikuwa bado haijaanza kuuzwa, na kazi ikaendelea. Juni 2010 Steve Jobs alikwama akionyesha iPhone 4, kurasa zikigoma kufunguka. Badala ya kuficha, aliwaeleza watu kwamba ukumbini kuna mitandao midogo 570 ya Wi-Fi inayorusha mawimbi, akawaomba waizime na waweke kompyuta zao sakafuni ili aendelee. Katika visa vyote viwili kosa liliachwa wazi, na chanzo chake au hali yake ikasemwa. Hiyo ni alama nzuri. Alama mbaya ni mzungumzaji anayemgeukia fundi wa jukwaa kwa macho makali, au anayehamia haraka kwenye video iliyorekodiwa bila kusema kwamba imerekodiwa.

Lakini Jobs huyohuyo ana kisa kigumu zaidi kupima. Januari 2007, alipoitambulisha iPhone, simu zilizokuwa mkononi mwake zilikuwa bado hazijakomaa. Wahandisi walieleza baadaye kwamba kazi zilipangwa kwa mfuatano maalumu ili simu isizime. Je, huo ni ulaghai? Kwa maoni yangu hapana, kwa kuwa aliahidi simu ndani ya miezi sita na tarehe 29 Juni ilikuwa dukani, ikifanya aliyoonyesha. Linganisha na Juni 2012, Sergey Brin wa Google alipoleta wanamiavuli walioruka juu ya San Francisco wakiwa wamevaa miwani ya Google Glass, picha zikirushwa ukumbini moja kwa moja. Lilikuwa onyesho la kusisimua sana. Hata hivyo lilithibitisha kwamba watu wanaweza kuruka na kamera usoni, bila kugusa swali la nani angetaka kukaa na miwani hiyo mezani pamoja na wageni. Januari 2015 mauzo yake kwa watu wa kawaida yalisimamishwa. Msisimko ukipanda, jiulize onyesho linathibitisha nini hasa.

Ufasaha ninauweka mbali chini ya haya yote, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu Afrika Mashariki tumezoea kumpa alama mzungumzaji kwa Kiingereza chake. Juni 2007 Arusha iliandaa TEDGlobal, na kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alipanda jukwaani na Kiingereza cha kukatika-katika, akijibu maswali ya mwenyeji. Alikuwa amekosa karo ya shule, akasoma kitabu cha nishati maktabani, na akiwa na miaka 14 akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na mabomba ya plastiki. Alionyesha picha, akasema alichotumia, akasema anachotaka kujenga baadaye. Alitumia dakika chache tu. Kinu kilikuwa kijijini, mtu yeyote angeweza kwenda kukitazama, na ukumbi ulimshangilia.

Mavazi, kutembea jukwaani, idadi ya slaidi: usipoteze muda navyo. Sauti isikike mpaka kiti cha mwisho, maandishi yasomeke kutoka huko, inatosha.

Kwa waandaaji nina ombi moja. Kabla ya kumwalika mtu, ombeni rekodi ya hotuba yake isiyohaririwa, ikiwezekana aliyoitoa mbele ya watu wachache, kisha itazameni kuanzia dakika ya ishirini. Dakika kumi za mwanzo kila mtu huzikariri. Akiwa bado ana jambo jipya la kuonyesha hapo, mpeni saa ya asubuhi. Akiwa amebaki kurudia aliyoyasema mwanzoni, mpangieni meza ya mjadala mchana, ambako wenzake watamuuliza maswali.