Nzi Machoni, Msimbo Kitabuni

Muhula huu wanafunzi wetu wa tafsiri walipewa kipande cha magonjwa ya macho kutoka Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, ila la 10 halijastaafu. Marekani bado inaandika kwa msimbo wake. Hapa tunahakiki mstari mmoja tu, H43.3.

Wengi waliandika: "Weusi mwingine wa ute wa jicho." Sarufi ni safi. Lakini mwingine kuliko upi? Jibu limo mstari wa juu, H43.2, unaotaja chembe za fuwele ndani ya ute. Anayefasiri mstari mmoja mmoja hukata uzi huo. Kundi moja lilichagua "ukungu", nasi tulilikataa neno hilo, kwa kuwa msikilizaji atadhani ni mtoto wa jicho, ambaye hukaa kwenye lenzi na ana msimbo wake, H25.

Mgonjwa mwenyewe hasemi weusi wala ukungu. Husema anaona nzi, nyuzi, vidoa vinavyokimbia kila akivitazama. Anachokiona ni kivuli: umri ukisogea, ute hugeuka majimaji, nyuzinyuzi zake hushikamana, na kivuli chake huangukia retina. Kitabu hutaja kitu, mgonjwa hutaja kivuli chake. Tafsiri nyingi tulizosahihisha hazikuona tofauti hiyo.

Kosa lililotusumbua zaidi limetoka katika Kiswahili chetu wenyewe. Karibu kila karatasi ilisema mgonjwa "anaona vidoa machoni". Ndivyo tusemavyo, hata jicho likiwa moja! Msimbo wa Marekani hauridhiki: H43.391 ni jicho la kulia, H43.392 la kushoto, H43.393 yote mawili, na H43.399 ni pale mwandishi aliposahau kutaja. "Machoni" humtupa mgonjwa kwenye 399.

Neno "ghafla" nalo liliachwa na baadhi yao kama pambo. Vidoa vilivyoongezeka ghafla, pamoja na vimweko vya mwanga au kitu kama pazia pembeni, huweza kuwa dalili ya retina kuchanika, na mgonjwa huyo anapaswa kuonwa siku hiyo hiyo. Karatasi iliyotupendeza iliandika hivi tu: "Vidoa vinavyoelea, jicho la kushoto, tangu juzi, ghafla, bila vimweko."

Wenzetu wa Bujumbura na Goma, mnaofasiri kutoka Kifaransa, "nyingine" hii mmeifanyaje? Tuandikieni.