Jana Inavyosemwa Huruma

Simama kwenye steji ya Huruma, Nairobi, jioni, watu wakishuka matatu za Juja Road, usikilize vitenzi peke yake. Makanga anamsimulia mwenzake: "Nilimcheki jana, lakini hakunibongesha."

Neno hilo la mwisho linastahili kufunguliwa polepole. Ha- inakana na kumtaja mtu wa tatu papo hapo. -ku- ni wakati uliopita, -ni- ni mimi niliyenyimwa maneno. Kisha -bong-, mzizi wa kuongea katika Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, na -esh- inayomwelekezea mtu mazungumzo. Vipande vyote vimetua mahali pake kwa pumzi moja, na kijana mkono mmoja uko mlangoni, mwingine unahesabu nauli.

Linganisha na Kihispania: anayejifunza hukata -ar ya hablar, kuongea, akabandika viishio: hablé, hablaste, habló. Nafsi na wakati vimeyeyushwa pamoja katika kiishio kimoja. Kwetu kila kimoja kina kiti chake mbele ya mzizi, na mzizi wowote unapokelewa, uwe umetoka Kiingereza kama cheki au umezuka mtaani wiki hii. Wageni hutatizwa na kule -li- kuipisha -ku- kauli inapokanushwa. Mtoto wa Huruma amekwisha kulizoea hilo kabla hajaanza shule.

Kiswahili sanifu husema alikuja, hakuja. Wengi Nairobi husema hakukuja, na walimu huikata kwa wino mwekundu. Mimi naona kanuni iliyofuatwa hadi mwisho: ikiwa ni alikuja, basi -kuja ndiyo shina, nalo lisiguswe.

Ninachokipenda zaidi ni -anga. "Tulikuwanga tunacheza pale." Sanifu ina hu- kwa mazoea, lakini hu- haitaji nafsi wala haikai na -li-, kwa hiyo mazoea ya zamani hulazimika kuzungukwa: tulikuwa tukicheza. Lugha za jirani zina kiungo hicho tangu kale, -ag- kwa Wakikuyu, -ang- kwa Waluhya, na huku Eastlands, mashariki ya Nairobi, ambako wenyeji wa lugha hizo hupanga mlango kwa mlango, kimeingia katika Kiswahili na kupata nafasi yake kamili: nyuma ya mzizi, kabla ya irabu ya mwisho. Alikuwanga. Walikuwanga. Hakukuwanga.